Tangazo nililolibandika mwenyewe

Wengi mmeniuliza kuhusu kuandikishwa kwenye daftari la wakulima wa korosho: nani anaandikishwa, aende na nini, na kama jina halimo afanyeje. Nitajibu. Ila leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana nimegundua kwamba maswali yenu mengi yanatokana na sisi maofisa kuandika mambo ambayo tunayaelewa wenyewe tu.

Kituo changu cha kazi ni kata moja ya huku Mtwara. Nina vijiji vinne, pikipiki moja ya Serikali ambayo tairi lake la nyuma limekwisha, na watu wanaolima korosho, ufuta, mihogo na mbaazi kidogo. Misimu miwili iliyopita nililetewa maelekezo kwamba wakulima wa korosho wahakikiwe kwa ajili ya kupata salfa ya ruzuku. Nikaketi, nikaandika tangazo. Nalikumbuka neno kwa neno: "Wakulima wote wa zao la korosho mnatakiwa kufika ofisi ya kijiji kwa ajili ya uhakiki na kuhuisha taarifa zenu katika daftari la wakulima." Chini nikaweka tarehe ya mwisho, nikasaini, nikagonga muhuri. Nikabandika nakala moja ofisi ya kijiji, moja ghala la AMCOS, moja zahanati. Kisha nikapiga picha zote tatu nikazituma kwa mkuu wangu wa kazi kama ushahidi kwamba taarifa imewafikia wananchi. Alinijibu kwa alama ya dole gumba. Nikaona kazi imekwisha.

Mwezi wa saba nilikuwa napita asubuhi kwenye mashamba. Wale wa korosho mnaijua asubuhi ya mwezi wa saba: umande bado uko kwenye majani, baridi ya upepo wa kusi, na mashine za kupulizia zinanguruma huku na huku. Nikafika kwenye shamba la bibi mmoja ninayemheshimu sana, miti sabini na minne, safi chini kama umefagia. Lakini juu, maua yalikuwa na unga wa kijivu kama majivu yaliyomwagwa. Ubwiriunga ulishaingia siku nyingi.

Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba. Nikamuuliza mbona hajapuliza.

"Nipulize nini, bwana shamba? Salfa wamepewa wenye majina."

"Na wewe jina lako si lilikuwemo?"

"Lililokuwemo ni la marehemu babu yako."

Nikamwambia kwamba ndiyo maana tulibandika tangazo, aje abadilishe. Akaniangalia kwa muda. Bibi huyu anasoma. Alijifunza kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya sabini, na hadi leo hasomewi barua na mtu. Akaniambia, "Tangazo lako nilikwenda, nikalisoma mara mbili. Umeandika kuhuisha. Mume wangu amekufa, mwanangu. Mimi nitamhuisha vipi?"

Nilitaka kucheka, nikaona hachekeshi. Kwake yeye kuhuisha ni kutia uhai, na ndivyo lilivyo neno lenyewe. Sisi ofisini tumelichukua tukalifanya liwe na maana ya kusahihisha na kuongeza habari mpya, kisha tukasahau kwamba huko nje watu wanalo kwa maana yake ya kwanza. Alichoelewa yeye ni kwamba wanaotakiwa ni wale ambao mwenye jina yuko hai.

Na neno la pili lilikuwa baya zaidi: uhakiki. Wenzangu wa Kusini hamjasahau msimu wa 2018, pale Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kusomba mizigo, na kabla ya malipo mashamba yakahakikiwa ili kuwatenga walanguzi wa kangomba. Mtu aliyekuwa na korosho nyingi kuliko miti yake alikuwa na maelezo ya kutoa. Tangu hapo, kijijini ukisema uhakiki, mtu anasikia kwamba anatafutwa. Bibi alikuwa anauza korosho za shamba lililoandikwa jina la mtu aliyekufa miaka mitatu nyuma. Akajiuliza: nikienda kuhakikiwa, si ndiyo nitakuwa nimejipeleka mwenyewe? Na wapo shemeji zake wawili ambao walishaanza kusema kwamba shamba ni la ukoo. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili angefanya. Alikaa kimya.

Siku hiyo hiyo nilipiga simu wilayani. Nikaambiwa dirisha limefungwa, majina yamepelekwa, mgao umetoka. Nikaenda mwenyewe kesho yake, nikajibiwa vilevile kwa upole. Siwalaumu. Tarehe niliiandika kwa mkono wangu. Bibi akanunua mfuko mmoja wa salfa dukani kwa pesa yake na kukodi mashine mara moja, lakini salfa ni ya kukinga. Inataka uanze maua yanapochomoza na kurudia kila baada ya wiki mbili hivi. Ukianza maua yameshakuwa na majivu unapunguza hasara tu. Shamba ambalo mwaka wa kawaida lilikuwa linampa zaidi ya kilo mia tatu lilimpa kilo arobaini na moja. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni ya mbali. Ada imefutwa, ndiyo, lakini godoro, sare, ndoo, madaftari na nauli havijafutwa. Mtoto aliripoti akiwa amechelewa wiki tano, na nauli ilitokana na mbuzi wawili waliouzwa kwa bei ya shida.

Hilo ndilo kosa. Sasa nije kwenye maswali yenu.

Kuhusu shamba la marehemu. Hili ndilo swali linalojirudia kuliko yote, na wanaoliuliza kwa sauti ya chini ni wajane. Kuandikishwa kwenye daftari la wakulima hakumpi mtu umiliki wa shamba, na kutoandikishwa hakumnyang'anyi. Daftari linataka kujua nani analima, miti mingapi, wapi, ili pembejeo zimfikie anayelima. Kwa hiyo anayelihudumia shamba asiogope kuja. Aje na kitambulisho cha Taifa au namba yake ya NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na namba ya akaunti kama anayo. Atapitia kwa mtendaji wa kijiji athibitishe kwamba ndiye anayelima. Mipaka na majirani ni jambo la kuonyesha shambani.

Ila nawaomba msiishie hapo. Jambo la mirathi lina njia yake, nayo inapitia Mahakama ya Mwanzo. Ukoo unakaa kikao, mnaandika muhtasari mnaosaini wote, mnapendekeza msimamizi wa mirathi, mnakwenda mahakamani na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo. Mahakama ndiyo inayomteua. Msimamizi si mrithi wa kila kitu, ni mtu wa kukusanya na kugawa, na hili naliweka wazi kwa sababu nimeona shemeji mtu anajiita msimamizi kwa kuchaguliwa chini ya mwembe tu, halafu anauza miti. Cheti cha kifo msikiache. Familia nyingi huku zinazika, zinafanya arobaini, zinamaliza, na karatasi haifuatwi mpaka siku kuna pesa ya kudai. Siku hiyo ndipo mnaanza kuwatafuta mashahidi wa msiba wa miaka sita nyuma.

Kuhusu wapi taarifa zinapatikana. Ubao wa matangazo ni sehemu moja tu, na kusema kweli ni sehemu dhaifu. Mvua inanyesha, mbuzi wanakula karatasi (nimeshuhudia), na tangazo jipya linafunika la zamani. Mahali penye nguvu ni mkutano mkuu wa kijiji. Huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa kulalamika kwamba wananchi hawaji mikutanoni. Kisha nikajihesabu: katika mwaka ule nilihudhuria mikutano miwili tu kati ya yote ya vijiji vyangu vinne. Mwananchi anakuja, afisa anayetakiwa kujibu hayupo, mwenyekiti anasema "swali hilo tutampelekea mhusika." Safari ijayo atakuja kufanya nini?

Mkikosa jibu kwa mdomo, ulizeni kwa maandishi. Nchi yetu inayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ipo taarifa ambayo sheria inaizuia, kama ya usalama wa Taifa, lakini orodha ya mgao wa salfa wa kijiji chako si siri ya Taifa. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiandike kwa hasira. Barua ya matusi inampa mtu sababu ya kuiweka chini ya mafaili.

Wafanyabiashara, nanyi sijawasahau. Malipo yoyote ya Serikali, iwe leseni, kibanda cha soko au ushuru, yana namba yake ya malipo, ile mnayoiita kontroo namba. Unailipia kwa simu, benki au kwa wakala, na jina la anayelipwa linaonekana kabla hujabonyeza kukubali. Mtu akikwambia lete mkononi nitakulipia mimi, mwambie ahsante, nipe namba nilipe mwenyewe. Stakabadhi tunza, usiifungie maandazi.

Kwa korosho mnajua utaratibu ni stakabadhi ghalani, ambao huku Mtwara ulianza msimu wa 2007/08. Mkulima anapima AMCOS, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, makato yanatolewa, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti. Wanaouza kangomba wananiambia sababu ni moja: njaa haisubiri mnada. Naielewa. Lakini nimekaa na mama mmoja tukapiga hesabu kwa kibaba alichopimia, tukaona aliuza chini ya nusu ya bei iliyotangazwa kwenye mnada wa wiki ile ile. Bei ile ilikuwa imetangazwa redioni na kwenye ubao wa AMCOS. Hakuisikia kwa sababu redio iliisha betri, na AMCOS iko kilomita saba. Tangu siku ile, jioni ya mnada ninaandika bei kwa chaki kwenye ubao wa duka la kijiji, lile linalouza chumvi na mafuta ya taa, maana huko kila nyumba hutuma mtoto. Mwenye duka alikubali kwa sharti kwamba nisifute orodha yake ya wanaodaiwa.

Kuhusu matangazo, nimebadilisha namna ya kuandika. Nikimaliza tangazo, nampa mtoto wa darasa la tano alisome kwa sauti, kisha namuuliza: mtu akisikia haya, kesho asubuhi anakwenda wapi, na amebeba nini? Akishindwa kujibu nachana karatasi. Tangazo la msimu uliofuata lilisema hivi: "Kama una mikorosho na unataka salfa, njoo ofisi ya kijiji na namba yako ya NIDA. Kama jina lililoandikwa ni la marehemu, njoo tu, tutaandika lako. Hakuna atakayenyang'anywa shamba kwa kuja." Mwenzangu wa kata jirani aliliona akaniambia si lugha ya kiofisi. Ni kweli. Na mkuu wangu aliuliza mbona halina neno uhakiki. Nikamweleza, akanyamaza, akasema basi acha.

Kabla ya kulibandika nililipeleka kwa bibi. Alikuwa anabangua mbaazi barazani. Alivaa miwani, akalisoma lote, akarudia mstari wa kati. Akaniuliza nani ataandika jina lake, mimi au mtendaji. Nikamwambia mimi, hata sasa hivi akitaka. Akaingia ndani, akatoka na kitambulisho kimefungwa kwenye kitambaa, na cheti cha kifo cha mumewe, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za shemeji zake wote wawili. Alikuwa ameshavifuatilia vyote mwenyewe tangu mwezi wa kumi na moja, bila kuniuliza neno.

Mwaka huu kwenye kijiji chake waliojitokeza wamekuwa wengi mpaka daftari limejaa, nikaongeza karatasi kwa pini. Uandikishaji kwenye vijiji vyangu vingine viwili bado unaendelea hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Nitakuwa ofisi ya kijiji kuanzia saa mbili asubuhi, na kama mna mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, nitumieni mtu, nitamfuata nyumbani.