Nduthi Yako ya Kwanza ya Mbio Isiwe Ile ya Ndoto Zako

Wasee, kwa miezi miwili nilikuwa na 310,000 kwa akaunti na nilikuwa nalala vibaya kuliko siku zile sikuwa na kitu. Hiyo ni pesa ya miaka mitatu: squadi ya bodaboda hapa steji ya Kawangware 46, matangazo madogo madogo kwa video zangu, na kamera moja niliyouza. Najua kuna watu watasema ningerudi nayo campus. Hiyo tutaongea siku ingine. Leo naongea juu ya kile kitu nilikuwa naiwekea: nduthi yangu ya kwanza ya kuingia nayo uwanjani. Si ya kubeba abiria. Ya mbio.

Najua venye inasikika. Msee wa mtaa na mbio za pikipiki wapi na wapi? Lakini mimi nimekulia Makina, Kibra, na kuna sauti moja sijawahi kuisahau. Jumapili fulani fulani, upepo ukitoka upande wa Ngong Road, ulikuwa unasikia injini zinalia kama nyuki wamechokozwa. Ni Jamhuri Park hiyo. Wengi tunaijua Jamhuri kwa sababu ya maonyesho ya ASK, zile siku za kuhepa shule, lakini huko ndani kuna pia uwanja wa motokrosi, udongo mtupu na matuta ya kuruka. Kibra iko upande huu, Kawangware upande ule, Jamhuri katikati. Tumezisikia mbio tukiwa nje ya ukuta tangu tukiwa watoto. Walioingia ndani na nduthi ni wa kuhesabu.

Sasa, pesa ikishaingia, kitu cha kwanza nilifanya ni kukosea. Nilipenda Yamaha R6. Buluu, imetumika, mwenyewe anaitisha 580,000. Tulikubaliana kwa mdomo nimpe 300,000, halafu 28,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Nilikuwa nishaanza kupanga video ya siku ya kuileta mtaani.

Wacha nikupe hesabu kidogo. R6 ni injini ya 599cc yenye nguvu za farasi zaidi ya 110. Boxer ya 150 ninayopigia squadi iko na kama 12. Gia ya kwanza ya R6 peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Yaani hujaguza gia ya pili na umeshapita mara mbili ile 50 unayoruhusiwa ukiwa mjini. Na mimi maisha yangu yote nimeendesha kitu cha farasi 12, nyuma nikiwa na mama na gunia la viazi.

Aliyenizuia ni beste yangu wa Makina. Yeye alinunua 600 kabla yangu, kwa mkopo. Usiku mmoja akaenda nayo Southern Bypass. Hakuna mtu alikuwa anashindana naye. Alikuwa tu anataka kujua kama kona fulani inaweza kuchukuliwa haraka kuliko jana. Paja lilivunjika, akawekewa chuma, akakaa kwa nyumba ya mathe yake miezi nane. Nduthi iliuzwa vipande vipande. Mkopo hauuzwi vipande, huo bado analipa.

Nilimwonyesha picha za R6 nikidhani atafurahi. Akaangalia, akanirudishia simu.

“Nilikaa na yangu miezi saba,” akaniambia, “na sikujifunza kitu. Ilikuwa inanifanyia kazi yote. Nikichelewa kufunga breki, iko na breki kali, inaniokoa. Nikiingia kona vibaya, nafungua tu moto nikitoka, naonekana niko mbio. Siku ilikataa kuniokoa ndio nilijua sijui kuendesha.”

Hiyo ndiyo pointi ya posti hii yote, na imetoka kwa mtu anayetembea akichechemea. Nduthi kubwa inaficha makosa yako. Nduthi ndogo inakuchomea kila kona. Ukifunga breki mapema bila sababu, ndogo haina nguvu ya kukurudishia hiyo nafasi. Ukikosa laini, unaona hapo hapo umepitwa. Inauma, lakini makosa unayaona ukiwa bado na miguu yote miwili.

Nilimpigia mwenye R6 nikamwambia nimerudi nyuma. Alinitusi kidogo. Sawa.

Halafu nikaanza upya, na sasa nikaanza na uwanja. Watu wengi wananunua nduthi kwanza halafu wanauliza wataiendesha wapi. Jibu linakuwa Bypass. Uliza uwanja kwanza. Kama unataka lami, nenda uangalie Whistling Morans kule Athi River, ile wengi wanaijua kwa go-kati, uulize pikipiki zinaingia siku gani na kwa bei gani. Lakini kumbuka nduthi ya uwanjani mara nyingi haina namba wala taa, kwa hivyo huwezi kuipanda barabarani. Unahitaji pikapu, kwenda na kurudi. Hiyo ni gharama ya kila safari. Jamhuri, mimi na beste tunaweza kuisukuma kwa mkono kutoka 46. Sisi tukiwa na nduthi imezimwa ni kama mkokoteni tu. Hapo ndipo niliamua: udongo, si lami.

Swali la pili: nani ataitengeneza? Kuna mtu alikuwa anauza Yamaha YZ125, nduthi kamili ya motokrosi, injini ya mipigo miwili, ile unachanganya oili na petroli kwa kipimo. Tamu sana. Lakini nduthi kama hizo hazihesabiwi kwa kilomita, zinahesabiwa kwa saa za injini. Pistoni na ringi ni vitu vya kubadilishwa kila baada ya saa kadhaa za kuendesha, kama vile wewe unabadilisha cheni. Ukiambiwa “imetumika kidogo tu,” uliza imefanya saa ngapi na pistoni ilibadilishwa lini. Yule jamaa hakuwa na jibu hata moja, na fundi wangu hapa Gatina alicheka. Akasema anaweza kuifungua, lakini vipuri vya kuifunga tena ni vya kuagiza.

Unajua kwa nini fundi wa mtaa anaijua Boxer kama jina la mtoto wake? Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na hapo ndipo mtaa ulijaa nduthi. Mafundi wetu wamekulia kwa silinda moja, kabureta, injini ya kupozwa na upepo. Huo ni utajiri, na sisi hatuuoni. Nikasema natafuta nduthi ya udongo ambayo ndani yake inafanana na vitu fundi wangu anashika kila siku.

Niliipata Lang'ata: Honda CRF230F, 223cc, silinda moja, kabureta, upepo, valvu mbili tu, stata ya kubonyeza. Uzito wake ni kama kilo 113, kwa hivyo ikikulalia unaweza kuiinua peke yako. Si nduthi ya kushinda. Nduthi za 250 za motokrosi zitaipita zikiwa zimelala. Lakini ni mvumilivu, na mimi ndio mwanafunzi.

Ukienda kuangalia nduthi iliyotumika, nenda na fundi, umlipe siku yake. Na ushike injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ukipata tayari iko moto, mwenyewe ameiwasha kabla ufike, na pengine anaficha kitu, ju injini mbovu hukataa kuwaka ikiwa baridi. Nilimwambia muuzaji ningoje ipoe. Tulikunywa chai nusu saa. Iliwaka. Halafu inua gurudumu la mbele, tikisa foku mbele na nyuma usikie kama kuna mchezo. Fungua kichujio cha hewa. Mtu anayeacha kichujio kikijaa vumbi hakubadilisha oili pia. Kama iko na logbook, hakikisha jina ni la anayekuuzia. Kama haina, itisha karatasi za forodha. Usinunue kesi ya mtu.

Tulikubaliana 190,000.

Hapo nilikuwa nataka kusherehekea, lakini mathe yangu alikuwa bado hajaongea. Nilimweleza kila kitu akiwa anachambua sukuma wiki. Hakulia, hakunikataza. Aliuliza kitu kimoja tu.

“Ukianguka Jumapili, Jumatatu nani analipa?”

Sikuwa na jibu. Niliketi hapo nikakumbuka harambee tuliyofanyia yule beste yangu, mathe yake akizunguka na karatasi ya majina kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa hivyo, wasee, bajeti yangu ilibadilishwa na mtu ambaye hajawahi kupanda nduthi bila kushika shati la dereva kwa mikono yote miwili. SHA ya mwaka imelipwa, na 30,000 iko kwa simu ya mathe, siwezi kuiguza. Tunaiita pesa ya Jumatatu.

Ya vazi ni 62,000, na karibu nusu ilienda kwa helmeti. Hapo usinibishie. Mimi ni mtu wa mitumba, hata hii jaketi iko kwa picha ni ya Toi. Buti zangu za motokrosi nilizichimbua Toi, pea moja pekee kwa mlima mzima wa viatu, kifungo kimoja kimekatika, fundi wa viatu akanishonea. Kinga za magoti pia ni za mitumba. Lakini helmeti nilinunua mpya, iko na stika ya ECE. Ndani ya helmeti kuna povu gumu ambalo kazi yake ni kupondeka mara moja tu, badala ya kichwa chako. Ikishagonga, nje inaweza kung'aa na ndani imekwisha. Ya mitumba huwezi kujua ilimwokoa nani. Na ile kofia tunabebea abiria kwa steji, ile haina hata mkanda, hiyo ni ya kuonyesha polisi.

Ilibaki 28,000 ya oili, cheni na kulipia uwanja. Ndiyo ile pesa R6 ingekuwa inakula kila mwezi.

Nimeenda mara moja kufanya mazoezi. Nilidhani boda imenifundisha kila kitu. Klachi, ndio. Kupanda mlima wa Lindi mvua ikinyesha na abiria nyuma ni shule, hakuna mtu atanifunza kuteleza. Lakini boda imenifundisha pia ubaya. Tunatumia breki ya nyuma peke yake, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu nyingi ya kusimamisha nduthi. Tunaketi muda wote, na kwa udongo unasimama juu ya vikanyagio ili miguu imeze matuta. Tunaachilia nduthi iserereke mteremko ili kuokoa mafuta. Jaribu hivyo ukiwa unaingia kona ya udongo uone.

Nilianguka mara mbili kwa raundi ya kwanza. Mtoto wa kama miaka kumi, akiwa kwa kapikipiki ka 65cc, alinipita kwa tuta, hewani, na nina uhakika alinipungia mkono. Hasara yangu yote siku hiyo ilikuwa leva moja ya klachi, ambayo nilinunua Kirinyaga Road Jumatatu asubuhi, na goti la kijani kibichi. Ningekuwa nimeangusha R6 mara mbili, plastiki peke yake ingenirudisha kwa mkopo. Piga hesabu ya kuanguka kabla ya hesabu ya kununua. Kama huwezi kulipia anguko la kwanza, hiyo nduthi si yako bado.

Beste alikuwa amesimama kando ya uwanja na simu, ananihesabia. Raundi yangu ya mwisho ilikuwa imepunguza sekunde 19 kutoka kwa ya kwanza. Nduthi ni ile ile, petroli ni ile ile. Alinionyesha simu na hakusema kitu, lakini nilimwona anaangalia uwanja venye alikuwa anaangalia kabla ya ile ajali. Tukirudi akaniuliza kama kiti cha CRF kiko juu sana kwa mtu ambaye mguu mmoja haukunji vizuri. Nikamwambia tutajua.

Sitakudanganya, 600 bado naitaka. Labda siku moja, kwa lami ya uwanja, nikiwa nishamaliza kupitwa na watoto. Mbio zenyewe, zile za kuandikwa jina na kupewa namba, nitaingia mwaka huu, na niko sawa nikimaliza wa mwisho.

Jumapili ijayo tunaisukuma tena. Ukitupata Ngong Road, wawili, mmoja anachechemea, shika kiti cha nyuma utusaidie kwa ule mlima.