Sabufa ya Boom

Boom la kwanza lilipoingia, nilishuka mjini Morogoro nikanunua sabufa. Muuzaji aliweka Bongofleva, vioo vya kabati vikatetemeka. Nikalipa bila swali.

Muhula wa pili baba akashuka kutoka Mgeta kuja kliniki, akalala geto kwangu. Usiku tukaweka muvi ya Kibongo. Kila baada ya dakika mbili: "Amesema nini huyo?" Nikaongeza sauti, mngurumo ukazidi, maneno yakazama. Mara ya tano nikamjibu kwa ukali, "Baba, si usikilize tu!" Akanyamaza. Hakuuliza tena mpaka muvi ikaisha.

Sikulala vizuri. Asubuhi jirani yangu, anayechokonoa redio, akanifafanulia. Besi hukaa chini ya hezi 200. Sauti kama s, f na t, zinazotenganisha neno na neno, ziko juu ya hezi 2,000, na ndizo umri huanza kuziiba sikioni. Besi ikizidi, inazifunika. Mifumo ya 5.1 ina spika ya katikati kwa ajili ya maneno. Yangu ya 2.1 haina.

Tukapunguza besi, tukapandisha trebo, spika tukazitoa sakafuni hadi usawa wa masikio. Ukuta mtupu tukautundikia blanketi kuzuia mwangwi.

Usiku ule baba alicheka kabla yangu.

"Nisamehe ya jana, baba."

"Nilisikia mwanangu. Ile niliisikia vizuri."

Ukienda dukani, beba muvi ya maongezi kwenye flashi. Muziki utakudanganya.