Ulaya kwa Baiskeli, Kisha Munisagara

MSOMAJI, mtu akikwambia amekwenda Ulaya kwa baiskeli usikimbilie kusema kavuta kitu. Mimi nimekwenda. Sikuomba viza, sikupanda ndege, na jasho lililonitoka lilikuwa la halali kabisa. Ulaya ninayoisema iko wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kilosa mjini. Ina miembe, ina kuku, na ina watoto ambao wakiona baiskeli yenye mabegi wanaikimbiza mpaka mwisho wa kijiji. Jina lake ni Ulaya, na ukibisha kaangalie ramani.

Nayasema haya kwa sababu vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia kutalii kwa baiskeli, akili inaruka moja kwa moja hadi Uholanzi. Tunaona vinu vya upepo, maua ya tulipu, mfereji ulionyooka kama rula, na mzee wa Kizungu na mkewe wanapiga pedali taratibu kutoka Delft kwenda Gouda, wakichoka wanashuka kula jibini. Ni kweli wenzetu wametuacha mbali. Ile ni nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, na baiskeli ina njia yake, taa zake na heshima yake. Lakini siri yao kubwa ni tambarare. Na tambarare, ndugu yangu, hata sisi tunayo.

TENA YA KWETU IKO JUU

Hebu sikia hii. Kilele kirefu kuliko vyote katika Uholanzi ya huko Ulaya kinaitwa Vaalserberg, na kina mita 322 tu. Mji wa Kilosa, pale penye soko na stesheni, unakaribia mita 500 kutoka usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba bonde la Kilosa liko juu kuliko mlima wa Mholanzi! Nilipomweleza mshikaji wangu niliyesafiri naye, alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli.

Baiskeli yangu yenyewe ni ya mtumba, nzito kama kitanda cha chuma, na breki yake ni ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Pale kwenye fremu bado ina stika ya duka la mji wa Zwolle, huko huko Uholanzi. Fundi aliyeniuzia aliisifu kuwa ni "mali ya Mdachi". Nikamwambia fundi, Mdachi kwa wazee wetu alikuwa Mjerumani. Akanijibu, "Wote walikuja na chuma kizuri." Sikuwa na la kuongeza.

Tulianzia Mikumi mjini. Hapa nakupa onyo la bure: usijaribu kuja na baiskeli kutoka Morogoro kwa barabara kuu. Barabara ile inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na tembo hajali kengele. Weka baiskeli kwenye buti la basi, ushukie Mikumi, ndipo uanze ubingwa wako. Kutoka hapo mpaka Kilosa ni zaidi ya kilomita 70, na Ulaya iko njiani. Kuna vilima vya hapa na pale, si vya kukutoa roho. Kuna mashamba ya mahindi na ufuta, na sehemu nyingine utaiona reli ya Kilosa kwenda Kidatu iliyojengwa miaka ya 1960. Ulipofika ule muda ambao jua halina mchezo, tulikaa chini ya mwembe tukala mihogo ya kukaanga na chai ya rangi. Sijui jibini la Gouda lina ladha gani, lakini siku ile lisingefua dafu.

KIMAMBA NA MKONGE WAKE

Siku ya pili tuliitoa kwa Kimamba, upande wa mashariki wa Kilosa. Kama unataka tambarare ya kuangalia mpaka macho yachoke, ni hapa. Mkonge ndio ulioupa mji huu jina enzi za wakoloni, na miongoni mwa walowezi walikuwamo Wagiriki. Nyumba kongwe bado zinaonekana, na ukipita taratibu unaona jinsi mji unavyoweza kuchangamka kwa sababu ya zao moja, kisha ukapoa zao hilo likishuka bei. Kwa gari Kimamba unaipita ukitafuta soda. Kwa baiskeli watu wanakusimamisha, wanakuuliza unatoka wapi na umemwacha nani nyumbani. Ndiyo faida ya mwendo wa pedali, kwamba unasalimiwa.

Kilosa wenyewe ni mji wa historia, ingawa haujisifu. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Jenerali van Deventer, Kaburu wa Afrika Kusini, liliingia hapa likiwafukuza Wajerumani. Lilikuja kwa kufuata reli kutoka upande wa Mpwapwa. Na Makaburu, kama unavyojua, wana asili ya Kiholanzi kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo Mholanzi alishafika Kilosa kabla ya baiskeli yangu, ila yeye alikuja na bunduki.

MUNISAGARA, MLANGO WA MILIMA

Siku ya tatu ndiyo niliyokuwa naisubiri. Ukitoka Kilosa kuelekea Dodoma kwa reli ya zamani, kituo kinachofuata ni Munisagara. Hapo tambarare inakwisha. Milima ya Usagara inasimama mbele yako kama ukuta, na ungetegemea safari iishie hapo. Lakini kuna mto Mkondoa. Mto huu umekata milima ukafungua njia, na kila aliyetaka kwenda bara tangu zamani amelazimika kuuomba mlango.

Misafara ya pembe na watumwa ilipita bonde hili. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, baada ya kuteseka kwenye matope ya Mkata wakati wa masika. Mwishoni mwa mwaka 1884 alifika Karl Peters na karatasi zake za Kijerumani, akizunguka Uzigua, Unguru, Usagara na Ukami akiwawekesha wakuu wetu alama. Mmoja wa wakuu aliowaandika alimwita "Muinin Sagara". Litamke jina hilo kwa sauti, kisha litamke jina la kituo, utanielewa. Februari 27, 1885, serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya kuzikubali karatasi zile, na nchi ikawa imekwenda. Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 nayo ikapita mlango huohuo, ikafika Kigoma mwaka 1914.

Mahali penye mambo yote hayo leo ni pa kimya. Pana stesheni, miti, nyumba za kijiji na sauti ya maji. Tuliegesha baiskeli, tukamwamkia mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mnatoka na baiskeli Kilosa? Hamna nauli?"

Tukacheka. Nikamuuliza kama treni mpya ya umeme inasimama hapa.

"Ile? Ile inatusalimia kwa upepo tu," akasema.

Ni kweli. Agosti 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi safari za treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na milima hii inaipita kwa mahandaki na madaraja. Ni kazi ya kujivunia, na mimi mwenyewe napanda. Ina kituo Kilosa, ina kituo Kidete. Munisagara ya katikati haimo. Abiria akiinama kuangalia simu, akiinua kichwa pameshapita.

MAJI YALIPOFIKA

Mzee alituonyesha kwa fimbo kule maji yalikofika mwaka ule. Hakuhitaji kuutaja, maana kila mtu Kilosa anaujua. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, Mkondoa ulifurika. Tuta linaloukinga mji wa Kilosa likazidiwa, maji yakaingia majumbani. Maelfu ya watu walikosa makazi, wakahamia kwenye mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilichimbwa na kubebwa, treni ya kwenda bara ikasimama kwa miezi. Mlango ambao mto uliwafungulia watu wote wale, mto wenyewe ukaufunga.

Hapo ndipo ile stika ya Zwolle iliponifanya nifikiri. Mholanzi naye anaishi nyuma ya tuta. Karibu robo ya nchi yake iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilivunja matuta yao ya kusini magharibi, ikaua watu 1,836 nchini humo. Baada ya msiba ule hawakulala. Walijenga mabwawa na milango ya kuzuia bahari kwa miaka zaidi ya 40. Na tangu karne ya 13 wana mabaraza ya maji, yenye uchaguzi wake na kodi yake, ambayo kazi yake ni kuangalia tuta kiangazi na masika. Zile njia nzuri za baiskeli tunazoziona kwenye kalenda, nyingi zimepita juu ya matuta hayo. Mzee wa Kizungu anapopiga pedali na mkewe, anapita juu ya kitu anachokilipia kila mwaka.

Sisi je? Tuta letu tunalikumbuka likishapasuka. Maji yakikauka kuna anayelima juu yake, kuna anayepitisha ng'ombe, na huko juu milimani miti inakatwa, udongo unashuka, mto unajaa mchanga. Nilipita kando ya Mkondoa wakati wa kiangazi, nikaona mto mpole, vijana wakioga katikati, maji hayafiki kiunoni. Ukiuona hivyo huamini. Lakini kwa mwendo wa baiskeli nilipata muda wa kuona kingo zilivyomomonyoka, na mashamba yalivyosogea hadi mdomoni mwa mto. Ndani ya treni ya kilomita 160 kwa saa kingo hazionekani.

UKITAKA KWENDA

Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu. Masika achana napo. Chukua tyubu mbili za akiba, pampu, viraka na maji ya kutosha, kwani jua la Kilosa halibembelezi mtu. Usiendeshe juu ya reli hata ukiambiwa treni haipo, madaraja yake hayana pa kukimbilia. Ukifika kijiji usichokijua, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe. Pa kulala Mikumi na Kilosa zipo gesti za kila mfuko. Na wazee waamkie kwanza ndipo upige picha.

Ukiwa Kilosa mjini, kabla ya kurudi, panda juu ya tuta jioni ujionee mto upande mmoja na nyumba za watu upande wa pili. Kisha mkute diwani au mtu yeyote wa ofisi, umuulize kwa adabu, masika yanayokuja tuta hili linaangaliwa na nani. Haya, kazi kwako.