Mlango wa Zamani

Programu yangu ilikufa wiki ya kwanza ya Novemba 2024, nami sikuwa na habari. Nilikwisha kuizoea kama saa ya ukutani. Kila wiki, usiku bando likiwa rahisi, ilibisha hodi kwenye mlango mmoja huko Marekani, ikajitambulisha kuwa mgeni asiye na jina, ikakaribishwa, ikarudi na mafaili. Safari hii ilirudi mikono mitupu.

Ghala lenyewe linaitwa Protein Data Bank. Lilianza mwaka 1971 pale Brookhaven, New York, likiwa na maumbo saba tu ya protini na molekuli za aina hiyo. Saba, ndugu msomaji! Leo yamepita 200,000. Kila faili linaeleza atomu zimekaa wapi, na yeyote anachukua bure.

Mlango niliokuwa nikibisha unaitwa FTP, njia ya kusafirisha mafaili. Kumbe nao ni wa 1971, Abhay Bhushan wa MIT alipoiandika kwa mara ya kwanza. Ghala na mlango wake ni rika moja. Enzi zile mtandao ulikuwa wa watu wachache, nani angewaza wezi? FTP hupitisha kila kitu wazi, hata neno la siri. Chrome na Firefox ziliitupa mwaka 2021. Wenye ghala nao wakatangaza mapema: mwisho ni tarehe 1 Novemba 2024, baada ya hapo tumieni HTTPS au rsync.

Tangazo nililiona. Nikasema, aa, muda bado upo.

Sasa mtaniuliza, mafaili hayo yananihusu nini? Mdogo wangu ana selimundu. Maumivu yakimshika, nyumba nzima hailali. Zamani niliiona damu yake kama adui asiye na sura. Siku moja, nikiwa mwanafunzi, nikafungua umbo la hemoglobini ya selimundu kwenye kompyuta. Balaa lote linaanzia sehemu moja: nafasi ya sita kwenye mnyororo wa beta, ametoka glutamati, amekaa valini. Basi! Huyo valini anajichomeka kwenye molekuli jirani, zinashikana kuwa nyuzi, na chembe ya damu inajikunja kama mundu.

Nikamwita mdogo wangu. Akatazama weee, kisha akasema, "Kaka, yaani ni kadude haka tu?"

Tangu siku hiyo nikawa nakusanya.

Kuirekebisha programu kulinichukua robo saa. Robo saa niliyoikwepa miezi! Nilitaka kuwalaumu wenye ghala, nikakosa la kuwalaumu. Walitoa taarifa, wakatoa muda, wakaonyesha mlango mwingine, na mzigo hawakuugusa. Ni vitu vingapi huku kwetu vinafungwa hivyo? Mashairi yangu ya kwanza yalifia kwenye disketi, hakuna aliyenitangazia kwamba siku moja nitakosa pa kuichomeka. Nasi tunaoandika tujiulize: tunaipenda karatasi, au kilichoandikwa? Anayependa kilichoandikwa hukihamisha mapema.

Usiku ule nilikaa macho nikiitazama programu ikibisha hodi mlango mpya. Mdogo wangu akauliza kutoka kitandani, "Yamefika?"

Yamefika, bwana. Lala.