Mwanakemia Ambaye Maabara Yake Ilikuwa Programu

Leo tuache kidogo habari za simu na tovuti. Nataka kuwaeleza kazi ambayo wengi wetu tuliosomea kompyuta hatukuambiwa kwamba ipo: kazi ya mwanakemia asiyeshika chupa, asiyepima asidi, asiyevaa koti jeupe. Anaandika programu, anaiendesha, kisha anatangaza kwamba molekuli fulani ina umbo hili na itavunjika kwa nishati kiasi hiki. Swali la kwanza ambalo mtu wa hapa Lubao angemuuliza ni fupi tu: kwa nini tukuamini?

Mwingereza John Pople alitumia karibu maisha yake yote kulijibu swali hilo. Alizaliwa 1925 huko Burnham-on-Sea. Baba yake alikuwa na duka la nguo za wanaume, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Alipokuwa na miaka 12 aliokota kitabu cha kalkulasi kilichotupwa kwenye pipa la taka, akajisomea mwenyewe. Shuleni kuna wakati alikuwa akiweka makosa makusudi katika kazi zake ili asionekane mwerevu kupita kiasi! Cambridge alisomea hesabu, si kemia, na akapata shahada ya uzamifu mwaka 1951. Hata baada ya kuwa bingwa wa kemia, alijiona mwanahesabu zaidi kuliko mwanakemia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Tangu 1926 wanasayansi wana mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza mwenendo wa elektroni. Kwa atomu ya haidrojeni, yenye elektroni moja, unaweza kuukokotoa kwa kalamu na karatasi. Tatizo linaanza elektroni zinapokuwa nyingi, maana kila moja inaisukuma kila nyingine. Hapo jibu kamili halipatikani kwa kalamu. Inabidi ukadirie, na kukadiria kuna gharama yake.

Chukua maji, molekuli yenye elektroni 10. Kwa njia rahisi kabisa ya Pople, elektroni hizo zinaelezwa kwa maumbo 7 ya kihesabu. Maumbo hayo 7 yanaleta hesabu 406 za msukumano kati ya elektroni na elektroni. Si kazi kubwa. Lakini ukitaka usahihi zaidi, ukatumia maumbo 14, hesabu zinafika 5,565. Umeongeza maumbo mara mbili, kazi imepanda karibu mara 14. Waandishi wa programu tunalijua balaa hili: kazi inayokua kwa kipeo cha nne. Molekuli ikiwa kubwa kidogo tu, mashine inalemewa.

Kikwazo kingine kilikuwa umbo lenyewe. Wingu la elektroni lina ncha kali pale penye kiini cha atomu, na hesabu za maumbo yenye ncha zilikuwa za polepole mno. Mwaka 1950 Frank Boys wa Cambridge alionyesha njia ya mkato: tumia mikunjo yenye umbo la kengele. Ukizidisha kengele mbili zilizo mahali tofauti, unapata kengele nyingine, na hesabu inakuwa nyepesi. Mwaka 1969 Pople na wenzake walitoa mpango unaoitwa STO-3G, ambamo kengele tatu zinajumlishwa ili kuiga umbo moja lenye ncha. Si sahihi kabisa, lakini ni wa haraka, na mtu anajua amepunguza wapi.

Wakati huo Pople alikuwa Marekani, katika chuo cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Mwaka 1970 kundi lake likatoa programu ya Gaussian 70, iliyopewa jina kutokana na kengele hizo. Haikufungiwa kabatini. Ilisambazwa kupitia QCPE, ghala la kubadilishana programu za kemia katika Chuo Kikuu cha Indiana. Mwanakemia ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa FORTRAN aliweza sasa kuuliza swali na kupata namba.

Lakini je, namba hiyo ni ya kuaminika? Hapa ndipo ninapomheshimu Pople kuliko mahali pengine. Tangu 1952 alishikilia kanuni moja: chagua njia yako, itumie kwa namna ileile kwa molekuli zote, ilinganishe kwanza na vipimo vinavyojulikana, ndipo uitumie kutabiri visivyojulikana. Turudi kwenye maji. Maabara inasema pembe kati ya haidrojeni mbili ni nyuzi 104.5. STO-3G inasema 100. Mpango mkubwa zaidi, 6-31G*, unasema 105.5. Basi unajua kila njia inakosea kiasi gani. Mwaka 1991 yeye na wenzake walitoa njia iitwayo G2 na kuipima kwa nishati 125 zilizokwisha kupimwa maabara. Kwa wastani ilikosea kwa kilokalori 1.21 tu kwa moli.

Soko letu la Lubao linajulikana kwa biashara ya mbwa, na anayenunua mbwa hatosheki na maneno ya muuzaji. Anaangalia kama wale mbwa aliowauza zamani, ambao majirani wanawajua, walikuwa kama alivyowasifu. Akikuta alisema kweli, atamsikiliza juu ya mbwa asiyemjua. G2 ni hivyo hivyo. Sisi tunaita majaribio ya programu, na wengi wetu tunayaruka tarehe ya kukabidhi kazi ikikaribia.

Mwaka 1998 Pople alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Walter Kohn, mwanafizikia aliyeondoka Vienna mwaka 1939 akiwakimbia Wanazi. Kohn ndiye aliyeonyesha, mwaka 1964 na 1965, kwamba badala ya kufuatilia kila elektroni unaweza kufanya kazi na msongamano wao kwa jumla.

Kuna upande mchungu pia. Gaussian iligeuka bidhaa ya kampuni. Pople aliachana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadaye akachangia programu shindani ya Q-Chem. Kampuni ilikuwa ikiwanyima leseni watu wanaotengeneza programu shindani, na Pople mwenyewe akawa miongoni mwa walionyimwa. Jarida la Nature liliandika juu ya mgogoro huo mwaka 2004, mwaka aliofariki. Fundi amejenga nyumba, kisha amefungiwa nje. Kampuni ina haki ya kulinda biashara yake, sikatai. Lakini kama ubora wa namba unatokana na watu wengine kuweza kuirudia na kuikagua, basi mlango uliofungwa unaigusa sayansi yenyewe.

Kwetu hili si jambo la mbali. Ukishika barabara ya Webuye kutoka hapa Lubao, kisha ukapanda hadi Eldoret, unafika mahali ambapo mwaka 2012 palifanyika ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa miundo ya elektroni. Ilikuwa katika chuo cha Chepkoilel, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Wanafizikia Nicholas Makau na George Amolo walikuwa na kundi la utafiti hapo, na makala zao zinatumia nadharia ya Kohn kuchunguza mata kama floridi ya bariamu. Programu inayofundishwa ASESMA ni Quantum ESPRESSO, nayo ni programu huria: unaipakua bure, unasoma kila mstari wake, na hakuna anayekuuliza unashindana na nani.

Hesabu ya maji niliyoieleza, laptopu ya kawaida inaimaliza kabla hujapepesa jicho. PySCF, Psi4 na NWChem pia ni huria. Hesabu kubwa zinahitaji kompyuta kubwa, na umeme ukikatika katikati ya hesabu ya siku mbili utashukuru kwamba Quantum ESPRESSO inaweza kuendelea ilipoishia. Vikwazo vipo. Ila leseni si kimojawapo tena.

Kwa hiyo kijana unayesoma hesabu au kompyuta, na ambaye kemia ya shule ya upili ilikuchosha kwa kukariri, jua kwamba mlango huu upo. Anza na maji. Pata pembe yako, iweke kando ya 104.5, uone umekosea kiasi gani. Ukiweza kueleza kwa nini, umeshaianza kazi.