Siku Baba Alipofunga Fremu Kariakoo

Kuna wanaume Kariakoo ambao hata sikukuu inawakuta na mkasi na kamba za kufungia mzigo. Huyu ni mmoja wao. Ana fremu ya mabegi ya shule, ndogo kiasi kwamba akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na kwa miaka 11 ahadi yake nyumbani ilikuwa ile ile: "Mwezi ujao tutatoka."

Huo mwezi ujao ukawa kama mwendokasi wa saa 12 jioni. Unauona unakuja, umejaa, unakupita.

Ikaja Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Ghorofa likaporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa ndani kwenye mishe zao. Fremu yake iko mtaa mwingine, haikuguswa. Lakini rafiki yake wa kahawa, yule wa kubadilishana naye chenji kila asubuhi, alikuwa mle ndani. Uokoaji ukachukua siku, na yeye akasimama pale na wengine, anapiga namba ambayo haipatikani. Mwisho wake ukawa msibani.

Nyumbani hakusema kitu. Aliendelea kutoka alfajiri na kurudi usiku, ila chakula akawa anabakiza.

Mkewe akamwacha wiki kadhaa. Halafu baada ya Krismasi akamwambia, tena bila kupandisha sauti: "Baba watoto, Jumamosi tunaenda Bagamoyo. Tukirudi, watoto wanaona sinema."

"Tarehe 28? Mama, shule zinafungua Januari! Huu si ndiyo msimu wenyewe wa mabegi?"

"Najua. Na rafiki yako naye alikuwa na msimu wake."

Hapo mazungumzo yakaisha.

Jumamosi hiyo wakapanda mwendokasi hadi Morocco, wakaunga daladala hadi Makumbusho, wakaingia kwenye Coaster ya Bagamoyo. Watu watano, siti nne, kitinda mimba kapakatwa. Njia nzima baba yuko kwenye simu. Mteja wa Kahama anataka dazeni sita. Kijana wa dukani anauliza bei ya mwisho ya yale ya matairi. Kufika Bunju, binti yake wa kidato cha pili akashindwa kuvumilia: "Baba, kwani umekuja na sisi au umekuja na simu?" Abiria wa mbele wakacheka. Yeye hakucheka.

Bagamoyo ni mji wa ajabu kidogo. Uliwahi kuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar mwaka 1891, lakini ukiuona leo ulivyotulia, na milango yake ya nakshi na mbuzi waliolala kivulini, unaweza kubisha. Misheni kuna mbuyu ambao umemeza mnyororo. Inasimuliwa kwamba mama mmoja Mzungu alikuwa anamfunga punda wake hapo, mti ukazidi kunenepa, na leo kimebaki kipande tu kinachoning'inia. Kaka mtu wa darasa la tano akauliza kama punda naye yumo humo ndani. Kwenye mnara wa kanisa dada mtu akageuka mwalimu, akaeleza kwamba mwili wa Livingstone ulilala hapo usiku mmoja mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Wakala pweza ufukweni, wakachukua bajaji hadi Kaole. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na kisima ambacho maji yake si ya chumvi ingawa bahari iko pale pale. Na kuna mbuyu mwingine. Mwongozo akasema wazee wanaamini kwamba ukiuzunguka, unaongeza miaka ya kuishi.

Watoto wakauzunguka mbio. Mama akazunguka huku kashika viatu. Wakageuka kumwangalia baba, wakijua atasema ana simu ya haraka.

Akaipa simu mgongo wa mfukoni, akaanza kuzunguka. Taratibu, kama mtu anayekagua stoo. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kaka mtu akawa anahesabu kwa sauti. Kwenye ya nne baba akasimama upande wa pili wa mti, kule ambako hawamwoni, na akakaa huko muda mrefu kidogo. Kaka mtu akataka kumfuata. Mama akamshika bega: "Mwache. Hiyo siyo yake, anamzungukia mtu."

Jioni wakateremka Mwenge na kuchukua bajaji hadi Mlimani City. Tiketi tano na bisi. Baba akapiga hesabu ya mabegi mangapi hayo, akalipa. Filamu ilikuwa Mufasa. Simba mdogo anaitwa Taka, na mstari mzima wa watoto ukaangua kicheko, maana kwa wengine hilo ni jina, kwa Mswahili ni kitu cha kusubiri gari la halmashauri. Lakini kwa Mufasa, aliyetenganishwa na wazazi wake na mafuriko, ukumbi ukawa kimya.

Na simu ikaanza kutetemeka. Kahama. Mwanga wake ukammulika usoni, na mkewe akaona mashavu yamelowa. Akaangalia mbele haraka, kama hajaona.

Baba akaizima kabisa.

"Baba," kitinda mimba akanong'ona, "Milele ni wapi?" Ndiyo nchi ambayo kwenye filamu wazazi wa Mufasa walimsimulia.

Akafikiri. "Mbali. Ndiyo maana wanatembea wote."

Jumatatu alifungua fremu alfajiri kama kawaida. Mteja wa Kahama alikuwa ameshanunua kwingine, dazeni zote sita. Kijana wa dukani akatoa pole. Baba akachana boksi tupu, akaomba maka peni, akaandika kwa herufi kubwa na kulibandika mlangoni, pale ambapo rafiki yake alikuwa akisimama na kikombe:

JUMAMOSI YA MWISHO WA MWEZI TUNAFUNGA.

Kijana akauliza mwezi gani. "Kila mwezi," akajibu, akaanza kutundika mabegi.