Tauni na Elimu

Nani kwetu Usambara asiyeijua habari ya tauni? Ilizuka wilayani Lushoto mwaka 1980, na hata kufika mwaka 2004 watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua. Nilipokuwa mtoto wa shule, nyumba ya mgonjwa iliogopwa kuliko panya waliomo darini mwake.

Wakaja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, wakashirikiana na waganga wa wilaya. Wakatega panya, wakahesabu viroboto. Kazi hiyo yaonekana ndogo. Lakini mwaka 2007 ilidhihirisha ya kuwa vijiji vilivyopigwa na tauni mara kwa mara ndivyo vilivyokuwa na viroboto wengi zaidi wa binadamu majumbani.

Basi chuo kina elimu, na mganga ana dawa; bali amwonaye panya mfu ni mimi na wewe. Sisi ndio mshirika wa tatu. Tauni huponyeka mgonjwa akiwahishwa. Akifichwa kwa haya, elimu yote haimfai kitu. Tufagie sakafu, tulale kitandani, na habari ya panya wafao tuipeleke upesi. Anyamazaye humwachia jirani msiba.